Mgeni wa Jumamosi

Kazi yangu mjini ilikuwa kupanda na kushuka. Nilikuwa mwendesha lifti katika jengo moja la ofisi katikati ya Dar es Salaam, miaka ile ya baada ya Uhuru ambapo lifti bado ilikuwa kitu cha kuogopwa, na watu wazima wenye heshima zao waliingia humo wakisoma dua kimoyomoyo. Nilivalishwa shati jeupe na kofia yenye ukingo mweusi, nikakalia stuli kando ya swichi, nikauliza kutwa nzima, "Ghorofa ya ngapi, mzee?" Asubuhi nilianzia chini na jioni nilimalizia chini. Watu wa kwetu Zinga walipomuuliza mke wangu ninafanya kazi gani, aliwajibu, "Anapandisha wakubwa." Wengi walidhani nina cheo, na mimi sikuhangaika kuwasahihisha.

Mshahara wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya wake ni mahali ulipolipwa. Kama ungelipwa Zinga, ningeitwa tajiri na ningeozeshwa mke wa pili kwa nguvu. Lakini ulilipwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilijua njia ya kuurudisha kwake kabla mwezi haujaandama.

Nilipanga Magomeni, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mzee mchamungu, hakosi sala ya jamaa, na hakosi pia kutia kufuli kwenye bomba la maji. Alilifungua alfajiri, akalifungua tena baada ya alasiri, na aliyepatwa na kiu katikati ya hapo alikwenda kununua ndoo kwa wachota maji. Siku moja nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba maji ni ya Mungu. Akanijibu, "Kweli kabisa, mwanangu. Maji ni ya Mungu. Bomba ni langu." Nilikasirika, nikaenda kununua ndoo.

Mkaa ulipimwa kwa kopo. Zamu ya kupika uani ilipangwa, na ukichelewa zamu yako ulilala na chai. Hata kukaa barazani jioni kulikuwa na gharama, maana anapita muuza kahawa, na huwezi kuagiza kikombe chako peke yako huku wenzako watatu wanakutazama. Basi mimi niliacha kukaa barazani. Nikaacha pia kupanda basi la kwenda kazini, nikawa nakwenda kwa miguu kupitia bonde la Jangwani, viatu mkononi wakati wa mvua, nikivivaa upya mbele ya jengo ili niwapandishe wakubwa nikiwa nadhifu.

Nilivumilia yote hayo kwa sababu nilikuwa na nia. Nilikwenda mjini kutafuta mabati, nalisema hilo bila aibu. Nyumba yetu ya Zinga ilikuwa ya udongo na makuti, na tulipooana nilimwahidi mke wangu kwamba nitamwezekea mabati kisha nirudi shambani kwetu. Ilionekana kazi ya mwaka mmoja au miwili. Lakini kila nilipopata fedha ya mabati mawili, mji ulikula bei ya la tatu. Nikawa nauza hata likizo yangu, nachukua fedha badala ya mapumziko, kwa ajili ya paa. Upande mmoja wa nyumba ukaezekwa, unang'aa mpaka unaonekana barabarani. Upande wa pili ukabaki makuti.

Mara moja tulijaribu kuishi pamoja mjini. Mke wangu alikuja na watoto baada ya Idi, binti yetu wa kwanza ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, na mdogo wake wa kiume bado yuko mgongoni. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, na kinu, na mchi, kama mtu anayehama kweli. Siku ya kwanza nilimpeleka sokoni Kariakoo. Akashika nazi moja, akauliza bei, akaambiwa, akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza ya watu. Muuzaji akahamaki, akamwuliza kinachomchekesha ni nini. Mke wangu akaigeuzageuza ile nazi mkononi.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni jirani yangu wa Zinga. Kumbe amekuja mjini amekuwa mheshimiwa!"

Kicheko hicho hakikufika mbali. Alinunua limau. Alinunua mchicha. Alinunua hata jani la mgomba la kufunikia ubwabwa. Alipotwanga, mwenye nyumba alikuja kumwambia kwamba kinu chake kinapasua sakafu ya uani. Watoto walipocheza ukumbini walikuwa wanapiga kelele, na walipocheza nje kulikuwa na magari. Wakakalishwa mkekani, pembeni ya kitanda, kutwa, kama wagonjwa. Maembe yalipoanza kuiva kwetu, mke wangu alikifunga kinu chake kwa kamba.

"Mimi kwangu nina kisima, nina mihogo, nina minazi," aliniambia. "Nije kukaa huku ninunue vitu nilivyoviacha mlangoni? Wewe baki utafute mabati yako. Utatukuta."

Sikumzuia. Na kweli niliwakuta, kila Jumamosi, kwa miaka kadhaa.

Jumamosi kazi iliishia mchana. Nilipanda basi la Bagamoyo, nikashuka Zinga kabla ya magharibi, vumbi la Mapinga likiwa limeganda kwenye nyusi, na Jumapili alasiri nikasimama tena barabarani kusubiri basi la kurudi. Mwanzoni nilifurahia mapokezi. Binti yangu alinikimbilia, akanipokea kikapu, akaniamkia shikamoo. Mke wangu alikuwa ameshatandika mkeka wa rangi, ule ambao siku nyingine unakunjwa na kuwekwa darini. Maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Kuku alichinjwa, na firigisi ikaja kwenye sahani yangu. Nikishika ufagio, nanyang'anywa: "Pumzika, umechoka na safari." Nikisimama kwenda shamba, naambiwa jua kali. Watoto walizungumza nami kwa sauti ya chini na kujibu "ndiyo, baba" kwa kila neno. Wakitaka kugombana, mama yao aliwakonyeza, wakayameza matusi yao kwa ajili yangu.

Na mimi nilipokwisha kuoga niliuliza, "Habari za hapa?"

"Njema."

"Watoto?"

"Wazima wa afya."

"Shamba? Paa?"

"Vyote salama, alhamdulillahi."

Kwetu pwani habari huwa njema. Hata kama nyumba inaungua, utajibiwa kwanza kwamba ni njema, kisha ndipo uelezwe kuhusu moto. Mimi nilikuwa nikipewa ile njema, nikala kuku wangu, nikarudi mjini kabla ya kuambiwa kuhusu moto.

Nililijua hilo mwanzoni mwa miaka ya sabini, Jumamosi moja ya kawaida. Nimeshuka basi, nimejipangusa vumbi, nakutana na jirani yetu, mama mtu mzima, anatoka kisimani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaitua ndoo yake chini.

"Pole na kuuguza, mwanangu."

"Ahsante, mama," nikasema, maana pole haikataliwi. Halafu nikauliza, "Kumuuguza nani?"

Alinitazama, akajua ameharibu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akanieleza. Mwanangu wa kiume alishikwa na degedege katikati ya wiki. Mama yake alimbeba mpaka barabarani, akapata mtu mwenye baiskeli, akaenda naye hospitali ya Bagamoyo, akalala naye huko. Majirani walishaanza kuulizana nani atakwenda Dar kuniita, na kwa nauli gani. Mungu akajalia, wakarudi.

Nilifika nyumbani. Binti alikuja mbio kunipokea kikapu. Mkeka wa rangi umetandikwa, kuku anaungwa nazi, na mwanangu amekaa kizingitini, macho makubwa kuliko uso. Sikwenda kuoga.

"Habari za hapa?" nikamwuliza mke wangu, namtazama machoni.

"Njema."

Nilipiga kelele. Sikuwa mtu wa kumpigia kelele mke wangu, na siku ile nilipiga mpaka watoto wakatoka nje. Nikasema mtoto wangu nusura afe, mimi naambiwa njema? Nasikia habari za nyumba yangu njiani, kwa watu waliobeba ndoo? Mimi ni nani hapa?

Yeye alikuwa akikatakata vitunguu, na hakuacha.

"Wewe ni mgeni," akasema.

"Mgeni! Kwenye nyumba yangu?"

"Ningekuambia nini, baba watoto? Unafika Jumamosi jua linazama. Jumapili unaondoka. Nikikupa habari mbaya utakwenda nazo wapi? Utapanda nazo hiyo lifti. Utalala nazo kwenye kile chumba wiki nzima, huli, hulali, na sisi hutupunguzii kitu." Akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa vitunguu au kwa mengine. "Mgeni hupewa kuku na habari njema. Habari mbaya ni za wenyeji."

Yule kuku nilimla, maana ameshachinjwa. Lakini firigisi nilimwekea mwanangu mkononi, akaishika akimtazama mama yake, kwanza apate ruhusa.

Asubuhi yake niliamka mapema nikamwambia mke wangu anipe jembe, nataka kwenda kupalilia mihogo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha uani ambamo majembe yalikaa, na hakusogea.

"Jembe siyo leo," akasema.

"Kwa nini siyo leo?"

"Umesahau ya wahenga? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya pili. Ya tatu wewe huijui. Hata Idi unapewa siku mbili, unazila, unaondoka."

Alisema hivyo kwa utani, na binti yetu aliyekuwa akifagia uwanja alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kuwa amemcheka baba. Lakini mlangoni pale mke wangu hakutoka, na mimi nilielewa kwamba utani huo ulikuwa na mifupa ndani yake. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa sikuweza kumkosoa. Nilipekua kichwani mwangu nitafute Jumatatu moja tu ambayo watoto wale walikuwa wameniona pale Zinga, sikuipata. Alasiri nikachukua kikapu changu cha mihogo na nazi alichonifungia, kama anavyofungiwa mgeni yeyote anayeaga, nikaenda barabarani.

Jumatatu nilikuwa juu ya stuli yangu, kofia kichwani. Akaingia mama mmoja wa ofisi za juu, mtu mwema, ambaye hakuacha kunisalimu.

"Za nyumbani?" akaniuliza.

"Njema," nikajibu.

Nikaisikia ile njema ikitoka kinywani mwangu, sawasawa kabisa na ya mke wangu. Na mimi nilikuwa nadanganya, kama yeye alivyokuwa anadanganya, kwa sababu huyu mama atashuka sasa hivi na hawezi kunisaidia kitu. Tulikuwa kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi ule haukushuka tena.

Msimamizi wetu alinishangaa. Alisema nje kuna watu wanaililia kazi hii, kwamba nikivumilia nitafanywa tarishi, nitapewa na baiskeli. Akaniuliza nitakula nini. Nikamwambia nina shamba. Akasema shamba bila mshahara ni umaskini wenye kivuli. Alisema kweli kwa sehemu, na sitaki mtu adhani kwamba baadaye maisha yalikuwa asali. Upo mwaka nguruwe pori walitumalizia mihogo, na zipo sare za shule zilizoshonwa mara tatu mahali palepale. Ilibidi niwe nabeba nazi zangu mwenyewe kuzipeleka Kariakoo, nikazipanga juu ya gunia, na bei niliyotoza ni ileile iliyomchekesha mke wangu. Sikuona haya hata kidogo. Uzuri ni kwamba jioni nilipanda basi nikaenda kulala kwangu.

Lakini siku ile sikujua hayo yote. Nilijua tu kwamba nisipoondoka sasa, mwanangu atakua akimwomba mama yake ruhusa ili apokee kitu kutoka kwangu. Nikamjibu msimamizi kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wangu.

Mwenye nyumba naye alinipa yake. "Utarudi, mwanangu," alisema. "Wote hurudi. Ila chumba hakitakungoja." Nikamwambia akipangishe hata jioni hiyohiyo. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, na nikadhani nimemkasirisha. Akarudi na ufunguo. Ilikuwa mchana, saa ambayo bomba lile halikufunguliwa hata kwa kumwoshea maiti. Akafungua kufuli, akasema nioge, nisafiri safi. Hakunitoza kitu, na mpaka leo sijui nimweke upande gani mzee yule.

Nilishuka Zinga Jumamosi nikiwa na godoro, sanduku na jiko la mafuta ya taa. Kondakta alinisaidia kuvishusha kutoka juu ya basi. Binti yangu alikuja akasimama, hajui apokee kipi.

"Nimerudi," nikamwambia mke wangu.

"Karibu," akajibu.

Nilimweleza yote, kazi nimeacha, chumba nimeacha. Alisikiliza, akasema "vyema", akaenda kukamata kuku. Sikumlaumu. Tangu harusi yetu nilikuwa nikimwambia kwamba nakaribia kurudi, na maneno hayo kwake yalikuwa yamechakaa kuliko makuti ya upande wa pili. Mkeka wa rangi ukatandikwa. Firigisi ikaja. Niliuliza habari za hapa, nikaambiwa njema.

Jumapili nilikaa kwenye kiti changu kama mgonjwa anayengoja daktari. Sikuomba jembe. Alasiri mke wangu akatoka na kikapu, kimejaa mihogo na nazi, kimefungwa kwa ukambaa, akakiweka kando ya mlango mahali pake pa siku zote. Wala hakunitazama. Basi la alasiri likapita. Mimi nilikiacha kikapu palepale nikaenda kusali, na jioni nilipopita hapo kilikuwa bado kipo. Tulilala bila kukizungumzia.

Jumatatu, jua lilipokuwa linachomoza, nilikuwa uwanjani napiga mswaki. Basi la kwanza la kwenda Dar likaja. Dereva aliiona kanzu yangu akapunguza mwendo, na kondakta akapigapiga bodi kwa kiganja.

"Bwana lifti! Unachelewa! Wakubwa watapandishwa na nani?"

"Wapande ngazi," nikamjibu. "Nendeni salama."

Likaenda. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akilitazama mpaka vumbi likatulia barabarani. Akakiinua kile kikapu, akaingia nacho ndani, nikamsikia anakimwaga jikoni, mihogo ikigongana. Kisha akatoka kupitia uani, na mkononi ana jembe.

Akanipa. Mpini ulikuwa mrefu kuliko ya majembe yao, umechongwa kwa kimo changu, na haujawahi kushikwa na mtu. Lakini ulikuwa na vumbi, na juu pale buibui alikuwa ameshafanya utando wake. Alikuwa ameutia zamani. Niliupangusa kwa kanga aliyonirushia, na ilinibidi nigeuke kidogo nitazame mikorosho, kwa sababu sikutaka watoto wanione.

Shambani walinipita kwa kasi, mama na binti, wanapalilia bega kwa bega kama watu walioshonwa pamoja. Mikono yangu ilikuwa mikono ya swichi. Kabla jua halijapanda sawasawa ilishatoka malengelenge, na nikiwa nahangaika nisiachwe mbali, nikapiga jembe pabaya, likazama kwenye kitu kigumu.

"Baba! Umekata mhogo!" Binti yangu alikuwa amesimama, kiuno kimeshikwa, uso umekunjamana kama wa bibi yake. "Si utazame unapopiga!"

Kisha akashtuka kwa alichokisema. Tukamgeukia mama yake sote wawili, tungoje karipio. Mke wangu alikuja, akainama, akauangalia ule mhogo.

"Ni kweli," akasema. "Ameukata."

Akarudi kwenye mstari wake. Binti naye akarudi kwenye wake, anacheka chinichini, na mdogo wake akaja akauokota ule mhogo akaanza kuutafuna bila kumwomba mtu ruhusa. Nikasogea mpaka nikawa karibu na mke wangu, nikatema mate viganjani, nikainua jembe. Sijui kwa nini nilimwuliza tena wakati ule. Labda ni mazoea tu.

"Habari za hapa?"

Akasimama. Akaegemea jembe lake, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akanitazama.

"Mbaya," akasema. Akaanza na paa. Pale mabati yangu yanapokutana na makuti, panavuja, juu ya kitanda cha watoto, tangu masika ya mwaka juzi.